Tarehe Ubavuni

Imepigwa chapa nyeupe, herufi ndogo kama mayai ya chawa,
ubavuni mwa mpira wa breki ya mbele:
robo ya tatu, themanini na nne.
Miaka kumi na moja nimekuwa na pikipiki hii
na sikuwahi kupiga magoti hapa nikasoma.

Nje, Bovec, theluji ya Aprili inadondoka kutoka paani
tone, tone, kama mtu asiyetaka kulipa deni lote siku moja.
Njia ya Vršič bado imefungwa.
Mimi ndiye ninayeendesha lori la kusukuma theluji kule juu,
kwa hiyo najua: wiki tatu, labda nne.
Kona hamsini. Nazijua kwa namba zake
kama mwalimu mkali ajuavyo watundu wa darasani.

Kwa nje mpira ni mzima. Mweusi, unang'aa kidogo.
Nimeukunja, haukuonyesha hata ufa.
Radovan, mlangoni na kikombe chake:
"Kitu kizima unakitupia nini?"
Anahesabu: mipira mitatu, washa za shaba, chupa ya mafuta.
Anahesabu kwa sauti ili nisikie.

Simlaumu. Hakuwapo Oktoba
nilipoteremka kona ya arobaini na tatu,
nikaachia breki, breki isiniachie.
Sekunde moja hivi. Gurudumu limeshikwa
kama mkono wa mgeni anayeaga na haondoki.
Kikulacho ki nguoni mwako:
mpira huvimba kwa ndani, ukajikaba koo wenyewe.
Mafuta huenda kwa kusukumwa,
kurudi hayana wa kuyasukuma.

Bolti yenye tundu ililia mara moja, kisha ikakubali.
Nilikuwa nimetandika matambara juu ya tangi,
maana mafuta haya hula rangi.
Yalitoka kama chai iliyosahauliwa jikoni tangu juzi.
Nikaupasua mpira wa zamani kwa urefu, kwa kisu cha zulia,
nikamwita Radovan aje na miwani.
Ndani, njia yenyewe: sindano ya kufumia isingepita.
Hakusema kitu.
Akaenda, akarudi na taa kubwa.

Mipya nimeinunua kwa Primož, Gorica,
imefumwa kwa nyuzi za chuma.
Mmoja nilikosea. Niliupitisha nyuma ya shokomzoba,
nikageuza usukani hadi mwisho
ukakazika kama kamba ya mbuzi aliyeona majani ng'ambo.
Nikafungua tena. Washa mbili zikaenda bure,
kwani shaba ikishabanwa mara moja imeshasema yake.

Kisha hewa.
Radovan juu, kashika mkono wa breki;
mimi chini na spana namba nane.
"Bana."
"Nimebana."
Nafungua, nafunga. "Achia."
Miaka ishirini na sita ya ndoa, hatujawahi kuelewana
kwa maneno machache namna hii.
Mapovu yakapanda kwenye kimrija,
makubwa, kisha madogo, kisha moja moja,
kisha muda mrefu hakuna,
kisha moja, lililokuwa limejificha sijui wapi.

Bado mkono ulikuwa laini, mkate uliolowa.
Nikaubana hadi kwenye usukani,
nikaufunga kwa kamba ya kiatu iliyokuwa karibu,
tukaenda kulala.

Asubuhi nimeshuka na soksi tu. Nimefungua fundo.
Nimebana kwa vidole viwili:
ukaja kidogo, ukafika mahali pake, ukasimama.
Nikabana tena, kwa raha tu.

Ndipo nikaona, ubavuni mwa mpira mpya,
nao una tarehe.
Nikajumlisha miaka, nikaanza kuongeza na yangu,
sikufika mwisho wa hesabu.
Radovan yuko juu ya ngazi, mguu mmoja una kiatu,
anauliza nani kachukua kamba.